Mkanda wa Jeshi

Vidonda vilikauka kabla ya Kwaresma.
Magamba yakadondoka kitandani kama maganda ya vitunguu,
na kila aliyekuja kunijulia hali alisema: Umepona, Mama Tumwitike,
Mungu mkubwa.
Nikaitikia Amina
huku kanga imenikaa ubavuni kama pasi ya mkaa.

Kanga! Si gunia, si jiwe.
Kanga iliyofuliwa mara mia, nyepesi kama ukungu wa Uyole,
ikigusa tu hapa, toka mgongoni kuzunguka hadi chini ya ziwa,
napiga yowe.
Mume akahamia chumba cha mbegu.
Wifi akataja jina la jirani, kwa sauti ya chini.
Duka la dawa likanipa vidonge vyeupe, vya njano, vyekundu;
nilivimeza vyote, na moto ukavimeza navyo.

Mwezi wa sita nikaenda hospitali, mjini.
Picha ya kifua, safi. Damu, safi.
Nilishalizoea neno hilo: ndivyo walivyokuwa wakinifukuza.
Lakini daktari huyu, Ambwene, Tukuyu tupu kwa lafudhi,
hakunirudishia karatasi. Alichomoa pamba,
akaisokota ncha, akaipitisha ubavu wa kulia. Hii nini?
Pamba.
Ubavu wa kushoto,
nikaukamata mkono wake nikautupa.

Akaandika.
Miezi mitano, huyo ndiye mtu wa kwanza kuandika.

Akauliza nalima nini. Viazi, mteremkoni, Inyala.
Mvua ile kubwa ikishapita, si inaacha korongo?
Inaacha.
Na baada ya hapo, manyunyu tu…
Manyunyu tu yanashuka na udongo, nikamalizia mimi,
maana korongo nalijua kuliko yeye.
Basi mkanda ulikuwa mvua, Mama. Mvua imepita.
Mshipa wa fahamu umebaki na korongo.

Kidonge kimoja, kidogo, cha usiku.
Tumwitike akasoma karatasi ya ndani ya boksi:
Mama, hii ni ya wenye sonona.
Kesho yake nikarudi na nauli ya kukopa.
Kumbe na wewe unaona najitungia?

Hakucheka.
Walipewa wenye huzuni, akasema,
na baadhi wakasema hata mwili umetulia.
Wataalamu hawakuridhika na bahati. Wakauliza, kwa nini?
Wakakuta njia ya maumivu si ya kupanda tu;
ipo nyingine ishukayo toka kichwani, ndani ya uti wa mgongo,
imebeba amri: punguza sauti.
Kidonge kinaisaidia amri kufika.
Hakizuii mvua. Ni tuta, Mama, la kukinga maji.

Waliionaje njia, nayo imo ndani ya mfupa?

Akasita. Akatazama dirishani; Loleza ilikuwa imejifunika.
Panya, akasema. Wengi.
Waliguswa nyayo kwa unyuzi,
na mtu amekaa, anahesabu ni mara ngapi mguu unavutwa.

Mimi natega panya ghalani tangu nimeolewa.
Sijawahi kuhesabu.

Sasa ni Julai, baridi inababua majani ya viazi.
Sijapona. Kinywa kikavu,
kichwa kizito mpaka saa tatu asubuhi.
Nilikuwa namwambia daktari kumi; sasa namwambia nne,
siku ya upepo sita.
Mume karudi kitandani na miguu yake ya barafu.
Juzi mjukuu alilala juu yangu, upande wa kushoto,
sweta lake la sufu hilo linalowasha hata wazima.
Nikasubiri yowe.
Nikaendelea kusubiri, kwa mazoea,
mpaka akanikojolea.

Usiku huu kuna kitu kinakwaruza ghalani.
Nimeutoa mtego, nimeupaka dagaa,
nimeurudisha juu ya kabati.
Leo tu.
Kesho nitatega: vile viazi ni ada ya Tumwitike.